Taarifa Rasmi Kuhusu Vitundu Visivyoonekana

Mamlaka ya Ubora wa Bidhaa Mpya ina heshima kubwa kuutangazia umma kwamba suala la vitundu limepatiwa ufumbuzi wa kudumu, kwamba ufumbuzi huo umetoka ndani ya Mamlaka yenyewe, na kwamba maneno yanayosambazwa mitaani kuhusu viongozi wetu hayana ukweli, isipokuwa yale yenye ukweli. Mimi ni Afisa Uhusiano wa Mamlaka. Nilikuwepo tangu mwanzo, na kazi yangu ni kueleza mambo yalivyokuwa ili wananchi wasihangaike kuyaelewa wenyewe.

Yote yalianza na mtafiti mmoja wa kike. Mtaani kwao, kule mlimani penye kisima, wanamwita Dokta Plastiki, na hawamtanii. Aliporudi masomoni akasema amekuwa daktari, majirani walimpelekea watoto wenye homa. Alipowaambia kwamba yeye ni daktari wa plastiki, wakaenda zao, wakarudi na mabeseni yaliyopasuka. Inasemekana aliyaziba yote, na heshima yake ikaanzia hapo.

Kisima cha mtaa huo kina maji baridi, maangavu, yasiyo na harufu. Ubaya wake hauonekani mpaka mtoto aote meno ya ukubwani. Maji hayo yana madini ambayo huyatia meno rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyotiwa maziwa, na kwa waliokunywa miaka mingi huingia kwenye mifupa, magoti yakagoma kunyooka. Watu wa mtaa ule hucheka wakiwa wameziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilidhani ni malezi mema. Dokta Plastiki naye hucheka hivyo hivyo, ingawa katika kipindi alichoshughulika na Mamlaka hakupata sababu nyingi za kucheka.

Maabara yake ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya chuo. Humo alikuwa akitengeneza utando wa plastiki, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, wenye vitundu vidogo ajabu. Chukua unywele mmoja, uupasue kwa urefu upate makumi ya maelfu ya nyuzi. Uzi mmoja kati ya hizo ndio ungeweza kupenya. Maji yakisukumwa kwa pampu yanapita. Yale madini, ambayo yakiwa majini hujivika maji yakanenepa, yanabaki nje. Nilipouelewa utafiti huo nilimwambia kwamba unafanana sana na mapokezi ya ofisi yetu. Akanitazama, akarudi kwenye kazi yake.

Kazi haikuwa lelemama. Tando zake za mwanzo zilipasuka kama karatasi iliyolowa. Zilizofuata zilikuwa imara, lakini zikikauka vitundu vinajifumba na havifumbuki tena, mpaka akajifunza kuzihifadhi ndani ya sinia la maji. Hatimaye alipata utando uliokubali. Akaujaribu kwa maji ya kwao, akayapima yaliyopita, akayapima tena, kisha akampigia simu shangazi yake, aliye mwenyekiti wa kamati ya kisima, akamwambia, "Shangazi, imekubali." Baada ya hapo akafanya jambo ambalo raia mwema hufanya. Akatuletea sisi.

Mkaguzi Mkuu aliupokea utando kwa uangalifu wote. Aliutoa kwenye sinia, akaufuta kwa taulo, akauanika dirishani, kwa kuwa kanuni inataka sampuli iwe kavu. Kisha akasoma maelezo. Mstari wa pili ulisema kwamba utando una vitundu vingi. Basi. Kanuni yetu ya plastiki, iliyotungwa enzi za mabeseni na mabuti ya mvua, haina kona: bidhaa ya plastiki isiwe na tundu. Mkaguzi akaandika MBOVU, kisha akaongeza chini yake, kwa kutenda haki, "Mtengenezaji amekiri mwenyewe."

Dokta alikata rufaa. Mkurugenzi Mkuu, ambaye hapendi mwananchi aondoke na kinyongo kama anaweza kuondoka na jibu, aliunda Kamati ya Matundu na kuiongoza yeye mwenyewe. Dokta alikuja na shangazi yake, mama mnene wa makamo anayetembea kwa kuegemea kuta. Alipewa kiti cha nyuma.

"Hivyo vitundu viko wapi?" Mkurugenzi aliuliza, akiuinua utando kwenye mwanga wa dirisha.

"Viko hapo hapo, mheshimiwa. Havionekani kwa macho."

"Na kwa miwani?"

"Hata kwa miwani. Inatakiwa hadubini maalumu."

Mkurugenzi alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Nimekaa kwenye utumishi muda mrefu, dada. Sijapata kuona kitu halali kinachojificha mbele ya mkurugenzi."

Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Akaulizwa jinsi vinavyotengenezwa. Dokta alijieleza polepole, kama mtu anayempitisha mgeni gizani.

"Tunachukua plastiki za aina mbili zisizopatana, tunaziunga kwenye mnyororo mmoja. Kuachana haziwezi, maana zimeungwa. Kuchanganyika hazitaki, maana hazipatani. Kwa hiyo kila moja inajikusanya upande wake."

"Kama kwa dada yangu na shemeji," alinong'ona Mkaguzi Mkuu.

"Halafu ile moja tunaiyeyusha kwa dawa, inatoka. Pale ilipokuwa panabaki wazi. Pale ndipo kitundu."

Mjumbe kutoka idara ya utumishi akanyoosha kidole. "Hiyo inayoondolewa, ilipewa nafasi ya kujieleza?"

"Ni plastiki, mheshimiwa."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kama taratibu zilifuatwa."

Hapo ndipo shangazi aliposimama bila kuitwa. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Baba zangu, samahanini," alisema. "Nina mjukuu. Meno aliyonayo ni ya utoto. Ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi sasa hivi, kwa maji anayokunywa sasa hivi. Nyinyi endeleeni kutafuta tundu, siwakatazi. Lakini meno ya mtoto hayawangojei."

Niliandika kwenye kumbukumbu kwamba hotuba hiyo iligusa nyoyo. Hasa moyo wa Mkurugenzi. "Mama yangu," alisema kwa sauti ya chini, "kilio chako tumekisikia. Na ndiyo maana hatuwezi kukubali mjukuu wako anywe maji yaliyopitia kwenye kitu kibovu."

Uamuzi ulikuwa wa busara sana: utando unakubaliwa kimsingi, ila vitundu viondolewe.

"Ukiondoa vitundu inabaki nailoni," Dokta alisema.

"Nailoni ni bidhaa inayotambulika."

"Maji hayatapita, mheshimiwa."

"Hilo ni suala la utekelezaji. Sisi tunashughulika na ubora."

Kwenye korido niliwakuta wamesimama karibu na ubao wa matangazo. Dokta alikuwa amebana midomo. Shangazi alikuwa akimrekebisha ukosi wa blauzi, kama wafanyavyo wanawake wakikosa la kufanya.

"Wape wanachotaka, mwanangu."

"Wanachotaka hakifanyi kazi, shangazi."

"Kwani wao wanafanya? Wape kinachofanana nao."

Siku chache baadaye nilikwenda maabara kuhimiza utekelezaji. Nilimkuta Dokta ameinamia sinia, kiganja mdomoni, mabega yanatikisika. Nikadhani anacheka. Nikampongeza kwa moyo wake mkunjufu, nikaondoka. Nimewahi kuwaza baadaye kwamba huenda hakuwa anacheka, lakini wazo hilo halikuwa na tija.

Utando mpya ulikamilika upesi mno, maana hatua ya kuyeyusha ile plastiki moja iliachwa. Mamlaka iliona fahari: tumeingilia kati, kazi imepungua. Ulipigwa muhuri. Zilibaki zile tando za zamani zenye vitundu, na kwa kuwa haifai bidhaa mbovu ikae karibu na iliyopitishwa, iliagizwa zipelekwe mahali ambapo hazitaonwa na mtu yeyote wa maana. Mimi ndiye niliyependekeza kule mlimani, kisimani. Hakuna kiongozi anayefika kule. Barabara inaharibu gari. Dokta alikubali pendekezo langu haraka kuliko jambo lolote tulilowahi kumwambia.

Utando uliopitishwa ulistahili mahali pa hadhi. Mkurugenzi akaamuru ufungwe kwenye bomba kuu la makao makuu yetu, jengo zima linywe matunda ya utafiti, naye Waziri akaalikwa kuzindua. Tulitandika zulia jekundu mpaka kwenye sinki la jikoni ghorofa ya chini. Waziri alifungua bomba.

Pampu ilinguruma. Bomba lilikohoa mara moja, likanyamaza.

Watu mia na ushei tukalitazama bomba. Dokta, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa karibu na friji, alitazama sakafu. Waziri akageuka taratibu kumtazama Mkurugenzi, na ni katika nyakati kama hizo ambapo huonekana kwa nini mtu alipewa cheo. Mkurugenzi alichukua glasi, akaikinga chini ya bomba kwa muda unaotosha kujaa, akaiinua kwenye taa.

"Mheshimiwa Waziri," alisema, uso mkavu, "haya maji ni safi kiasi kwamba hayaonekani."

Akampa. Waziri aliitazama glasi. Nyuma yake wapigapicha walikuwa tayari. Aliinua, akameza. Koo lilipanda na kushuka.

"Hayana ladha," alisema Waziri.

"Ndiyo dalili ya usafi, mheshimiwa."

Waziri akaomba nyingine. Makofi yakapigwa, glasi zikapitishwa, wote tukanywa. Mkaguzi Mkuu alijifuta mdomo kwa leso.

Baada ya uzinduzi, maisha ofisini yalichukua sura mpya. Kuuondoa utando haikuwezekana, kwa kuwa kuondoa kitu kilichopitishwa ni kukiri kwamba kilipitishwa. Kuleta maji ya chupa kulikatazwa, kwa kuwa mwenye bomba la kisasa hanunui maji. Vyoo vilifungwa kwa maelezo kwamba vinatafakariwa. Wafanyakazi wakaanza kuomba ruhusa za ajabu ajabu: huyu kafiwa, yule anampeleka mkwe hospitali, na wote wanaondoka na chupa za chai tupu wanarudi nazo zimejaa. Uchunguzi wangu ulionyesha kwamba walikuwa wanapanda mlimani.

Kule juu, tando mbovu zilikuwa kazini. Dokta na shangazi walikuwa wamezifunga kwenye fremu za chuma, na pampu ndogo, na tangi, na maji yalikuwa yanatoka. Foleni ilianza tangu alfajiri, ya watu wa mtaa kwanza na wa Mamlaka nyuma yao. Mhasibu wetu alionekana akimsifia mama mmoja kwa uzuri wa ndoo yake ili amsogezee nafasi.

Mkurugenzi alikasirika, na hasira yake akaitia kwenye waraka, kama ipasavyo. Waraka uliagiza mambo mawili. Kwanza, maji yaliyopita kwenye kitu chenye vitundu ambacho hakijaidhinishwa yasivuke geti la Mamlaka. Pili, mtumishi au kiongozi yeyote atakayekunywa maji ambayo hayajaidhinishwa abaki nje ya geti mpaka apimwe na daktari wa Mamlaka. Nafasi ya daktari wa Mamlaka haijawahi kujazwa, lakini imeshatengewa chumba. Mlinzi alipewa nakala. Aliisoma yote akiwa amesimama, jambo ambalo sijawahi kuona mtumishi mwingine akilifanya.

Kesho yake ikaja simu kutoka kwa Waziri. Alikuwa amepata wageni, wataalamu wa maji, na angependa kuwaleta siku hiyo hiyo mchana waonje yale maji.

Mkurugenzi aliweka simu chini. Akanitazama, akauliza kama wataalamu wa maji ni watu wa kudanganyika. Nikasema sidhani. Akavaa kofia, akavaa miwani ya jua, akachukua ndoo yenye mfuniko kutoka stoo ya wafagizi. Siri kama ile hakuweza kumtuma mtu. Mimi nilifuatana naye kwa sababu ya uhusiano.

Shangazi alitutambua tukiwa bado mbali.

"Karibuni baba. Mkia wa foleni uko kule."

Mkurugenzi alikwenda mkiani. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyemsalimia kwa cheo chake. Zamu yake ilipofika alitanguliza ndoo, lakini shangazi aliufunika mdomo wa bomba kwa kiganja.

"Baba, usinielewe vibaya. Sisi ni watu wa kufuata sheria. Mmesema hivi vitu ni vibovu. Nikikupa maji, kesho tumbo likikuuma, tutasema nini sisi?"

"Ninachukua kwa ajili ya uchunguzi, mama."

"Uchunguzi wa ndoo nzima?"

Watu waliguna. Mkurugenzi alivua miwani ya jua. "Baada ya tathmini ya kina," alianza, "imebainika kwamba vitundu husika vina mchango chanya katika..."

"Baba," shangazi alimkatiza kwa upole, "hawa wamesimama tangu asubuhi. Zungumza nao kama watu."

Dokta Plastiki alikuwa amechuchumaa kando ya pampu, spana mkononi. Aliacha kukaza nati. Mkurugenzi alimtazama yeye, kisha foleni, kisha ndoo.

"Vitundu ni vizuri," alisema.

"Na mlipovikataa?"

"Tulikosea."

"Tulikosea nani?"

Mkurugenzi alivua na kofia. "Nilikosea."

"Haya shangazi, mpe aende, watoto wanangoja," sauti ilisema nyuma, na bomba likafunguliwa.

Dereva wetu, aliyekuwa akitungoja na gari, alikumbusha, kwa heshima zote, kwamba kwa roho ya waraka gari la Mamlaka haliwezi kubeba mzigo ule. Tukateremka kwa miguu. Mkurugenzi alibeba ndoo kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha kichwani, na hapo watu wa barabarani wakaacha kumpisha. Mimi sikuweza kumsaidia kwa kuwa nilikuwa nikiandika kichwani taarifa kuhusu ziara yake ya kushtukiza.

Getini, mlinzi alinyanyuka.

"Shikamoo mzee. Hayo maji yametoka wapi?"

"Fungua geti."

"Yana muhuri?"

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mzee. Wewe ndiye uliyesaini."

Mkurugenzi aliketi kwenye benchi la mlinzi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Alifunua ndoo, akaazima kikombe cha mlinzi, akanywa, akanywa tena, akanipa na mimi. Sikumbuki kunywa kitu kitamu kama kile. Mamlaka haina msimamo kuhusu kauli hiyo.

Tulikuwa bado tunakunywa magari ya Waziri yalipofika. Waziri alishuka na wataalamu wake, akatukuta kwenye benchi, akadhani ni sehemu ya mapokezi. Akapokea kikombe, akachungulia ndani.

"Haya ya leo yanaonekana," alisema.

"Tumeyaboresha, mheshimiwa."

Akanywa chote bila kupumua. Wataalamu hawakunywa; walichota kidogo kwenye vichupa vyao, wakatumbukiza vijiti vyao vya kupimia, wakatazamana, wakauliza ni nani aliyeyasafisha hivi na yuko wapi. Mkurugenzi akamtaja Dokta na vitundu vyake. Waziri, ambaye huutambua ushindi akiuona, akaamuru utando wenye vitundu uidhinishwe papo hapo. Waraka ulikataza maji kuingia, haukukataza muhuri kutoka. Katibu muhtasi akauleta mbio. Mkurugenzi akaupiga kwenye karatasi juu ya goti lake, na chini yake kwa kalamu akaamuru tando zote za kisimani zitambuliwe na Dokta aitwe aje kubadilisha ule wa makao makuu.

Mlinzi alisoma, akaridhika, akafungua geti. Katibu muhtasi akapita na ndoo. Wataalamu, ambao si watumishi wetu na tena hawakunywa, wakapita. Waziri akajitokeza kupita, na mkono wa mlinzi ukashuka mbele yake taratibu.

"Samahani mzee. Wewe na hawa wawili mlikunywa kabla ya muhuri."

"Si yameshaidhinishwa?" Mkurugenzi aliuliza.

"Yale ya ndooni, ndiyo. Yaliyo tumboni yaliingia kabla ya kuidhinishwa. Mnamngoja daktari."

Waziri alimgeukia Mkurugenzi na kumuuliza daktari yuko wapi. Mkurugenzi akanigeukia mimi. Nikaeleza kwamba nafasi hiyo itatangazwa kwa mujibu wa taratibu, na kwamba idhini ya kuitangaza inasainiwa mezani kwa Mkurugenzi, ghorofa ya tatu.

Dokta Plastiki alifika akiwa amekumbatia sinia la maji, tando mpya zikielea ndani. Alitusalimia vizuri. Mlinzi alimfungulia geti lote, upande wa magari. Haukupita muda, tukasikia pampu ikinguruma, kisha mabomba yakianza kukoroma ghorofa moja baada ya nyingine, kisha kelele za wafanyakazi waliokuwa wakikimbilia vyooni. Madirisha yalifunguliwa. Mhasibu alitoa mkono nje, akakung'uta maji vidoleni, akatuona, akafunga dirisha.

Taarifa hii imeandaliwa kwenye benchi la mlinzi, ambalo ni imara na linatosha watu watatu wakibanana. Waziri yuko kulia kwangu. Jua limehamia upande wetu na amekuwa akiuliza kama naweza kumpatia maji kidogo. Kikombe kipo. Ndoo imeshaingia ndani.